UZI: Bufe ya mchana kwenye hoteli ya Kihindi ya hadhi hapa Malindi. Nilivyompeleka mamangu, na namna ya kuila

#1 Mwana wa Maweni (mwenye uzi)

Assalaam aleikum wadau, na wengine nyote hamjambo.

Uzi huu niliuahidi tangu kabla ya Ramadhani. Ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka auweke asome jioni.

Malindi tumezoea hoteli za Kitaliano. Pitsa na aisikrimu si jambo geni hata kwa mtoto wa darasa la pili. Lakini hoteli ya Kihindi yenye vitambaa vyeupe mezani, leso zilizokunjwa na weita anayekuvutia kiti, wengi wetu huipita nje tukanusa tukaenda zetu. Jina silitaji. Nataka tuzungumzie chakula.

Mamangu ana miaka sabini na miwili. Amepika harusi za mji huu tangu mimi sijazaliwa: Shela, Barani, hadi ng'ambo ya Mambrui. Watu wamekula biriani ya mkono wake, wakaoa, wakazaa, na watoto wao wakaja kumwita awapikie nao. Ila yeye mwenyewe hajawahi kukaa kitini mahali pa hadhi akahudumiwa. Nilipomwambia Jumamosi nitampeleka akale kwa Wahindi, akanijibu, "Mwanangu, pale si petu. Pale pana wenyewe."

Neno lile sikulala nalo vizuri. Nikamwambia, "Mama, wewe njoo uonje, ukiona si petu turudi." Akavaa buibui lake la Idi.

Tulifika saa sita u nusu, mlango ndio kwanza unafunguliwa. Nawasihi sana muda huo. Chakula cha kujipakulia kina saa yake ya uzuri, nayo ni ile ya kwanza. Ukija saa nane u nusu utakuta mchuzi umekauka pembeni, mboga zimelegea kwa kukaa juu ya mvuke, na kuku waliobaki ni vidari vitupu.

Bei iliyobandikwa ilikuwa shilingi 2,200 kwa kichwa. Kabla ya kukaa, ulizeni kama kodi imo ndani. VAT ni asilimia 16 na ushuru wa utalii ni asilimia 2. Kama hazimo, 2,200 inakuwa 2,596 kwenye bili, na hapo bado maji na soda. Sisi tuliambiwa zimo. Niliuliza kwa sauti ya kawaida, wala hakuna aliyenitazama vibaya.

Sasa meza yenyewe. Mama alikataa kushika sahani. Akasema, "Kwanza tuione." Akaanza kutembea taratibu kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho, mikono nyuma, kama anavyokagua masufuria asubuhi ya harusi. Kila beseni alilifunua, akainama, akanusa, akafunika. Weita akataka kuja kumsaidia, nikamfanyia ishara amwache.

Alipofika kwenye dengu za manjano akasimama. Akanusa mara mbili. Akaniambia, "Humu mna mvuje."

Weita hakulijua neno. Akaenda jikoni kuuliza, akarudi na mpishi mkuu mwenyewe, mtu wa makamo kutoka Rajasthan, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini chenye adabu. Mama akamweleza kwa mikono: utomvu, harufu kali, kidogo tu ndani ya mafuta ya moto. Mpishi akacheka kwa furaha, akasema, "Hing! Ndiyo, mama, hing!" Wapishi wengi wa Kihindi wasiokula vitunguu wala vitunguu saumu kwa sababu za dini, hasa Wajaini, hutia mvuje kupata ule uzito wa ladha. Mama akanigeukia: "Sisi mvuje tunamfunga nao mtoto mchanga kama kinga, wenzetu wanatia kwenye dengu."

Kuanzia pale hakuna aliyekuwa mgeni. Aliyataja yote mpishi akisikiliza: bizari nyembamba, giligilani, iliki, mdalasini, uwatu, kungumanga, shamari. Mpishi naye akimtajia kwa kwao. Dakika kumi nzima, watu wakipakua pembeni yao.

Naendelea hapo chini na namna tulivyokula, kwa sababu ina mpango wake.

#2 Mwana wa Maweni

Naendelea.

Kosa nililoliona kwa meza za jirani ni moja: mtu anachukua sahani kubwa, anaanza na wali, anajaza wali, halafu anamwagia juu michuzi minne kwa pamoja. Mchuzi wa siagi unaingia kwenye mchicha, mchicha unaingia kwenye mtindi, na mwisho wake anakula kitu kimoja chenye rangi ya kahawia. Tumbo limejaa wali aliouacha nyumbani kwake.

Sisi tulikula kwa raundi nne, sahani ndogo, na wali tuliuacha mwisho.

Raundi ya kwanza, vitu baridi na vya ukwaju. Wenyewe wanaviita chaat. Kuna kimkate kidogo cha mviringo cha kukaanga, puri, chembamba kama ganda la yai, unakitoboa kwa kidole gumba, unatia kiazi na dengu, unachovya maji ya ukwaju na nanaa, unakitia kinywani kizima kizima. Usikiume nusu, kitakumwagikia. Mama alisema maji yale ni ndugu wa mchuzi wa ukwaju wa viazi karai, ila wenzetu wametia chumvi nyeusi, ile yenye harufu kama yai. Chukua viwili au vitatu, vinaamsha hamu.

Raundi ya pili, vitu vya tanuri. Hapa ndipo pesa yako ilipo, nawaambia kwa dhati. Kuku wa tandoori hulazwa ndani ya mtindi, tangawizi, saumu na pilipili, kisha anachomekwa kwenye chuma kirefu na kushushwa ndani ya tanuri la udongo lenye makaa chini. Moto wake unaweza kupita digrii 400. Nyama inaungua kidogo pembeni na ndani inabaki na maji yake. Jiko la nyumbani halifiki huko. Kwa hiyo hiki ni kitu ambacho huwezi kujipikia, na ndicho cha kulipia.

Na mkate wake, naan, msichukue ule uliolala kwenye kapu. Mwambie weita, "Niletee wa moto kutoka tanurini," hata kama ni bufe. Wanaleta. Naan ikishapoa inakuwa ngumu kama ngozi.

Mama aliomba kwenda kuliona tanuri. Mpishi mkuu akamruhusu asimame mlangoni. Anayepika mikate ni kijana wa Kigiriama kutoka upande wa Kakuyuni, na amelizoea tanuri lile kiasi kwamba anaingiza mkono na kuutoa kabla moto haujamjua. Anatandaza donge, analipiga juu ya mto wa kitambaa, analibandika kwenye ukuta wa ndani. Dakika moja na nusu, anachomoa kwa kulabu. Akamwambia mama, "Karibu, hawe (yaani bibi), usisogee sana, kuna joto."

Mama akatazama mikate mitatu ikibandikwa na kutolewa bila kusema neno. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Huu ni mkate wa mofa. Bibi yangu akiubandika hivi hivi."

Kwa vijana wasioujua: mkate wa mofa ni wa unga wa mtama, nao ulibandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo vile vile. Na lile neno "tanuri" lenyewe ni ndugu wa "tandoor". Limepita kwa Waarabu na Waajemi, likashuka kwetu na likashuka kwao.

Raundi ya tatu, michuzi na naan, bila wali. Chagueni miwili au mitatu tu, kijiko kimoja kimoja, na iacheni mbalimbali sahanini. Mimi nilipenda zaidi dal makhani. Ni choroko nyeusi na maharagwe mekundu, siagi na krimu, iliyoachwa juu ya moto mdogo saa nyingi. Wapishi wengi huiacha usiku kucha. Inapokuja mezani imekuwa laini kama uji lakini kila punje unaihisi. Kuna na paneer, jibini ya maziwa yaliyochemshwa yakakatwa kwa ndimu, yakakamuliwa na kugandamizwa; haiyeyuki kwenye moto, ndiyo maana inakaa vipande ndani ya mchicha.

Raundi ya nne ni biriani kijiko kimoja kwa heshima, halafu vitamu. Nitaielezea biriani mtu akiuliza, maana ina maneno mengi.

#3 Dada wa Barani

Mashallah, kaka, nimesoma na machozi yananilenga hapo kwa bi mkubwa. Mungu ampe umri. Swali: ni halali? Na vileo je? Mimi siwezi kumpeleka mamangu mahali nisipokuwa na uhakika.

#4 Babake Mapacha

Mwenye uzi, umeandika vizuri, lakini nikuulize kwa heshima. 2,200 mara watu wanne ni 8,800. Hapo sokoni sahani ya biriani ya kuku nashiba na kubakisha, kwa mia tatu hivi. Biriani ni biriani. Kwa nini nikalipie vitambaa vya meza?

#5 Nahodha wa Ngomeni

Mimi nasema hiki chakula kimetoka kwao kikaja kwetu tangu zama za Vasco da Gama, yule baharia Mreno. Alipotia nanga hapa Malindi mwaka 1498 ndipo aliposaidiwa na rubani aliyemvusha hadi Calicut, India. Njia ile ile ndiyo iliyoleta pilipili na viungo vyote.

#6 Mwana wa Maweni

Ahsanteni wote. Nawajibu mmoja mmoja.

Dada wa Barani, umeuliza la maana kuliko yote. Tulipokwenda sisi kulikuwa na cheti cha halali kimetundikwa ukutani karibu na mahali pa kulipia, na vileo haviuzwi. Lakini usichukulie kwamba kila hoteli ya Kihindi iko hivyo. Nyingine zina baa, nyingine hazipiki nyama kabisa. Piga simu kwanza, uliza maswali mawili: nyama imechinjwa na nani, na cheti kipo au hakipo. Ukifika kiangalie kwa macho yako na tarehe yake. Na kama mamako hataki nyama ya nje, upande wa mboga peke yake unamshibisha mtu mzima. Hakikisha tu kila beseni lina upawa wake, mtu asitoe upawa wa kuku akautia kwenye mboga. Wahindi wenyewe ni wakali sana kwa hilo. Kwao India hata pakiti ya biskuti dukani hubandikwa alama ya kijani kuonyesha haina nyama.

Babake Mapacha, sikulaumu hata kidogo, na sitaki mtu avunje bajeti ya nyumba kwa sababu ya uzi wangu. Lakini pale uliposema biriani ni biriani, niruhusu.

Biriani yetu ya Pwani, unaijua, wali mbali na sosi mbali. Wali umetiwa zafarani au rangi, sosi ina mtindi, nyanya, vitunguu vya kukaanga na viazi, na vinakutana kwenye sahani. Ya Hyderabad nyama mbichi iliyolazwa kwenye mtindi na viungo inatandazwa chini ya sufuria, wali ulioiva nusu unawekwa juu yake, mfuniko unazibwa kwa donge la unga ili mvuke usitoke, na vyote viwili vinaivia humo humo. Wanaita dum. Mama alipoelezwa akasema, "Basi wanapalia." Na kweli, zamani makaa yaliwekwa juu ya mfuniko vile vile sisi tunavyopalia wali.

Ila nikuambie alichosema mama baada ya kuionja, na yeye si mtu wa kusifu ovyo: "Ya hapa ni nzuri, lakini imekaa mezani. Biriani ya dum huliwa mfuniko unapofunuliwa." Ndiyo sababu nimesema kijiko kimoja cha heshima. Kama unataka biriani, ile ya sokoni ya mia tatu inakutosha na inakupendeza. Hoteli ile nenda kwa ajili ya tanuri, dal ya usiku kucha na vitu vya ukwaju. Ukienda ukajaza biriani, kweli utakuwa umelipia vitambaa.

Na mapacha wako waulizie bei ya watoto. Pale tulipokwenda walio chini ya miaka kumi walilipa nusu.

Nahodha, ami yangu, ya rubani ni kweli, Mreno alipata rubani hapa Malindi na mwezi Mei 1498 akafika Calicut. Lakini njia hiyo haikufunguliwa naye. Majahazi yalikuwa yakienda na kaskazi na kusi karne nyingi kabla yake, ndiyo maana rubani alipatikana, tena hapa hapa bandarini. Na kuhusu pilipili, hapo nitakupinga kwa upole. Pilipili manga ni ya Malabar, pwani ya India, tangu kale. Lakini hii pilipili kali tunayoitwanga, pamoja na nyanya na kiazi, asili yake ni Amerika, na pilipili hiyo Wareno ndio walioieneza huku na India baada ya safari zile. Siku ile Mreno anatia nanga, Calicut hakukuwa na mchuzi wa nyanya, na Malindi hakukuwa na viazi karai. Wao na sisi tumevipokea kutoka nje.

Na yule kuku wa siagi, anayependwa na watoto, ni wa juzi tu. Ametokana na hoteli ya Moti Mahal, Delhi, iliyofunguliwa na Wapunjabi waliohama kutoka Peshawar baada ya India kugawanywa mwaka 1947. Kuku wa tandoori aliyebaki alitiwa kwenye mchuzi wa nyanya, siagi na krimu ili asikauke. Mwaka 2024 ilifika mahakamani Delhi, familia mbili zinagombania nani aliyembuni.

#7 Msafiri wa Kilifi

Mimi bufe niliapa. Mwaka jana, mji mwingine kabisa, nilikula ya saa tisa nikalala na drip siku mbili. Sitaji mahali. Je, mtu atajuaje chakula ni salama?

#8 Mwana wa Maweni

Pole sana, ndugu. Tumbo la chakula kibovu halina utani.

Kanuni ni hii: cha moto kikae juu ya digrii 60, cha baridi chini ya digrii 5, na kisikae katikati ya hapo zaidi ya muda wa saa mbili. Wewe mteja huna kipimajoto, lakini una macho. Ukifunua beseni, mvuke utoke. Mchuzi ukiwa vuguvugu, acha. Angalia kama wanabadilisha beseni zima au wanamimina kipya juu ya cha zamani. Wanaomimina juu, ogopa. Mtindi na saladi ziwe zimekaa juu ya barafu. Wali nao watu huusahau: wali uliopikwa, ukaachwa upoe mezani, kisha ukapashwa, unaweza kumlaza mtu kama nyama mbovu, kwa sababu vijidudu vyake huacha sumu ambayo moto hauiondoi.

Na hilo la saa tisa ulilolisema mwenyewe ndilo jibu kubwa. Nenda mlango ukifunguliwa.

#9 Dada wa Barani

Na vitamu? Umeruka vitamu, kaka!

#10 Mwana wa Maweni

Nisamehe, dada yangu. Gulab jamun zilikuwepo, madonge ya maziwa yaliyokaushwa, yakakaangwa na kuzamishwa kwenye shira ya iliki. Mama aliishia moja, akasema kaimati zetu ni nyepesi zaidi, na hapo nakubaliana naye. Kulfi nayo nzuri, barafu ya maziwa yaliyochemshwa mpaka yakapungua. Kisha tukaletewa kibakuli cha shamari zilizopakwa sukari za rangi, za kutafuna baada ya chakula. Mama alizifunga kidogo kwenye leso kwa ajili ya wajukuu.

Jambo moja liliniuma ambalo sijalisema. Meza ya pili yetu walisimama wakaenda zao wakaacha sahani tatu zimejaa nyama. Mama alizitazama mpaka weita alipoziondoa. Mtu aliyepika usiku kucha kwa ajili ya watu mia nne anajua kila kipande kimepita mikononi mwa nani. Tafadhali, wadau, pakueni kidogo. Kurudi hakulipiwi.

#11 Babake Mapacha

Nimekuelewa, kaka. Mwisho wa mwezi nitakwenda na mama watoto, wawili tu, na sitagusa wali. Bi mkubwa alisemaje alipotoka?

#12 Mwana wa Maweni

Alipotoka alinyamaza mpaka tukafika karibu na msikiti. Kisha akaniuliza kama yule kijana wa tanuri hupumzika siku gani.

Hupumzika Jumatatu. Nilirudi nikachukua namba yake. Jumatatu ya juzi alikuja nyumbani Maweni, akamwamkia mama shikamoo, akaketi naye uani. Tunalo tanuri la udongo la marehemu bibi, lilikuwa limegeuzwa mahali pa kuwekea makaa. Walilisafisha, wakalipaka udongo ndani, wakaliwasha kwa kuni za mkoko mpaka ukuta ukawa mweupe. Mama alikanda unga wa mtama kwa alivyokumbuka.

Mkate wa kwanza uliteleza ukaanguka kwenye makaa. Kijana akasema ukuta bado hauna joto la kutosha, na mama akasema unga umezidi maji. Wakangoja robo saa, mama akaongeza unga. Wa pili ulishika. Tuliula kwa samaki wa kupaka, na kijana alibebeshwa mitatu ya nyumbani kwao.

Anayetaka kipimo cha unga aniulize hapa hapa, nitamuuliza mama niwaandikie.